Joto la Chumba cha Bonheur

Jumapili, 11 Januari 2026

Ko. Kisha kimya. Kisha ko-ko.

Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoisikia mara ya kwanza, juma lile tulipohamia nyumba hii ya Märsta. Saa kumi na moja alfajiri, ukutani, upande wa kichwa changu. Nilijua ni nini. Ilikuwa elementi — ndivyo sote tunavyoliita hapa lile bapa la chuma chini ya dirisha linalopitisha maji ya moto. Alfajiri moto unapanda, chuma kinatanuka, kinagonga vishikio vyake. Zote za nyumba hii zimekazwa sawasawa ukutani isipokuwa hiyo moja. Asubuhi ile ile nikamsikia Mama, kitandani kwake, akiitikia: "Karibu."

Nilimweleza habari ya chuma na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema amefahamu. Kesho yake ikagonga, akasema karibu.

Chumba cha upande wa pili wa ukuta hakina mtu. Ni cha yaya Bonheur, kaka yetu mkubwa, ambaye hajawahi kulala humo. Yuko Kampala, anatengeneza simu. Mwaka 2009 tulipotolewa kambini Burundi kuletwa Sweden, alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amevuka kwenda Uvira, kwetu Kongo, kumtafuta bibi. Ndege haikumngoja. Alipokuja kupatikana alikuwa mtu mzima, na kwa sheria ya hapa mtu mzima si mtoto wa mtu.

Kwa hiyo kuna kitanda, shuka zinazobadilishwa kila mwezi, suti ya bluu kabatini, na elementi iliyofunguliwa mpaka mwisho. Nyuzi ishirini na tatu. Hii ni baridi ya kumi. Mama anasema mtu anayetoka mbali haingizwi kwenye chumba kilichopoa. Utamwambia nini? Kwamba hukumtegemea?

Leo mchana, Mama akiwa kanisani, nimeingia nikaifunga. Nimezungusha kile kidude cha pembeni toka tano mpaka sifuri, nikatoka, nikarudishia mlango.

Ningeweza kuandika kwamba ni kazi yangu. Mimi ni mshauri wa nishati; manispaa inanilipa kuingia katika nyumba za watu na kuwaonyesha joto lao linapopotelea. Watu mia mbili na zaidi nimewaambia: chumba kisichotumika, punguza. Wananipa kahawa, wananishukuru.

Lakini hapa hakuna wa kumdanganya. Sababu ni barua. Ilikuja Alhamisi tarehe 9 Oktoba, siku ileile mafundi walipoleta pampu mpya ya joto niliyomshawishi Papa anunue. Barua zote za Kiswidi za nyumba hii nazisoma mimi, tangu nikiwa na miaka tisa. Mahakama ya mwisho imekataa hata kuisikiliza rufaa ya Bonheur ya kuja kwetu. Baada ya hiyo hakuna mahakama nyingine. Mama alikuwa amesimama na sinia la chai ya mafundi. Akauliza, "Wanasema nini?"

Nikasema, "Wanaomba tusubiri."

Iko kwenye begi langu la kazi tangu siku hiyo, katikati ya fomu za kupimia nyumba za wengine.

Nimeshindwa kusema sentensi moja, kwa hiyo nimefunga bomba.


Jumatatu, 12 Januari

Nilikuwa macho tangu saa kumi na nusu. Saa kumi na moja — kimya. Kitanda cha Mama kikalia, anageuka. Hakusema karibu.

Papa kwenye chai: "Nyumba leo imenyamaza." Akavaa koti lake la manjano akaenda uwanja wa ndege kupakia mizigo ya watu ambao pasipoti zao hazina ubishi.


Jumatano, 14 Januari

Alma, bosi wangu, ana wazo. Mwezi ujao tuna jioni ya wananchi maktabani, na badala ya kuonyesha picha za vitabuni, nionyeshe nyumba yetu. Familia halisi, pampu mpya, kabla na baada. Alisema "familia halisi" kwa furaha, kama mtu aliyepata uyoga msituni. Nikakubali papo hapo. Niandike hilo pia: nilipenda kuombwa.

Nimerudi nyumbani nikafungua takwimu. Tunatumia umeme mwingi kuliko mwaka jana. Mwaka jana tulikuwa na tangi bovu la maji ya moto la miaka thelathini!

Sielewi. Pampu hii ni ya akili sana. Inavuta hewa chafu ya joto kutoka jikoni na bafuni, inaichuja joto lake, na kulihamishia kwenye maji ya elementi. Unapasha nyumba kwa hewa ambayo ungeitupa. Ikikosa hewa ya kutosha, hapo tu ndipo inawasha waya wake wa akiba, na inageuka birika kubwa la umeme. Kwetu inaelekea kuwa birika usiku na mchana. Nimewapigia mafundi. Fundi anasema watu wengi hufungua madirisha. Kwetu dirisha halifunguliwi toka Septemba, nikamwambia. Akacheka kidogo, kwa adabu.

Papa, mezani: "Mwalimu, pampu yako inakula kuliko mimi."

Tiana, mdogo wetu, akadakia kwa Kiswidi kwamba basi izimwe, kila mtu arudi kujifunika blanketi, na yeye apewe chumba cha Bonheur maana analala kitanda cha juu chumbani kwangu kama mwanajeshi na ana miaka kumi na tano. Tiana amezaliwa hapa. Bonheur kwake ni sauti ya simu inayokatika. Akasema: asiyekuwepo ana chumba, mimi niliyepo sina. Mama alimjibu kwa Kiswahili, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, kwamba aliyepo hahitaji kuwekewa nafasi.

Nikaendelea kula. Chumba hicho wakati huo kilikuwa nyuzi kumi na sita. Nilikuwa nimepima.


Jumamosi, 17 Januari

Siku ya usafi. Mama aliingia chumba kile na ndoo, akatoka haraka. "Aurore, humu kunaanza baridi."

Nikamwambia pampu hizi mpya hazichomi kama zamani. Elementi ukiigusa isikuunguze, ndiyo inafanya kazi vizuri. Hiyo ni kweli tupu. Naijua namna ya kudanganya kwa kutumia kweli tupu, nimesomea.

Akaitikia, "Sawa, weye ndiye unajua."

Alasiri wamama wa maombi wakaja, saba, wote Wakongo isipokuwa Clementina wa Bukoba. Kwa ajili ya grafu ya ile jioni ya Alma nilikuwa nimeshusha nyumba nzima mpaka ishirini. Mama Xavérine alikaa na koti lake akalifunga mpaka shingoni. Akasema zamani ukiingia kwa Laurentine — ndiye Mama — unaacha Sweden mlangoni pamoja na viatu. "Leo viatu tumeviacha, Sweden imeingia."

Wakacheka. Clementina akasema wanaomba na makoti kama abiria wa treni ya Hässelby. Wakacheka tena. Mama alicheka nao, na akainuka kuongeza chai ambayo ilikuwa bado imejaa.

Walipoondoka aliosha vikombe peke yake, akakataa nimsaidie. Mwishowe akasema, taratibu kabisa: "Wale wamama wengi tulikuwa nao kambini, tumelala chini pamoja. Nilitaka wakija kwangu wavue makoti. Hiyo tu."


Alhamisi, 22 Januari

Nimeipata.

Nilirudi mapema. Mama alikuwa amepika maharagwe na sombe, yale majani ya muhogo, masufuria mawili, na jiko lilikuwa kama bafu. Maji yanateremka kwenye kioo cha dirisha. Nikafikiri: mvuke huu wote kwa nini hauondoki? Nikachana karatasi ya chooni, nikaiweka kwenye tundu la hewa juu ya jiko, kama ninavyofanya katika nyumba za watu. Tundu zima linapaswa kuivuta na kuishika. Ikaanguka kwenye sombe.

Nikapanda kiti, nikazungusha kile kifuniko cheupe. Ndani: kitenge. Kile cha zambarau, kimekunjwa mara nne, kingo zimepangwa sawasawa, kimebanwa kwa utepe wa gundi. Bafuni kingine. Kwenye vijitundu vya kuingizia hewa juu ya madirisha, soksi za Papa zilizotoboka, moja moja, kila chumba.

Pampu ilikuwa haina pumzi. Tangu Oktoba.

Nikamwita. Nilikuwa na kitenge mkononi na hasira yote ya mshauri wa nishati. Akanitazama, kweli akashangaa. "Si weye ulinionyesha? Siku ileile mafundi wametoka. Ulinikamata mukono ukauweka hapo juu, ukasema: Mama, sikia, joto linatokea hapa. Nikasema mutoto yangu amesoma, ameona tundu. Nikaziba."

Nakumbuka. Niliushika mkono wake na kuuinua. Barua ilikuwa mfukoni mwangu, nilitaka sana kuzungumzia kitu kingine, na nilieleza nusu. Joto linatokea hapa — nikaishia hapo. Sikumwambia kwamba linatoka ili lirudi.

"Hata Waswidi wanaziba madirisha," akaongeza. "Nimeona duka moja Farsta wanauza mipira ya kuziba."

Nilicheka. Yeye akacheka kwa sababu mimi nimecheka, tukashindwa kujizuia, mimi juu ya kiti na kitenge, yeye na mwiko. Sijacheka na Mama hivyo tangu Oktoba. Kisha akaniomba nikirudishe kitenge, kitafuliwa.

Nimeondoa vyote vya chini. Nimeacha vyumba vya juu, mikono ilikuwa imechoka. Soksi za huko nitazitoa Jumamosi.


Jumamosi, 24 Januari

Sikuzitoa kwa wakati. Mtu aliyesoma miaka mitano jinsi hewa na maji vinavyotembea ndani ya nyumba alisema "Jumamosi" akaenda kulala.

Mama alitangulia. Hakupiga kelele. Aliita jina langu mara moja, chini kwa chini, nikajua.

Alikuwa ameketi juu ya kitanda cha Bonheur, suti ya bluu mapajani, namna unavyompakata mtoto mwenye homa. Begani na kwenye kola, kuvu. Ya kijani iliyochanganyika na nyeupe, laini kama manyoya. Nyuma ya kabati ukuta una madoa meusi tangu sakafuni hadi kiunoni. Dirisha linatoka machozi ndani.

Alinunua suti hiyo mwaka tuliponunua nyumba. Amekuwa akiipiga brashi kila Jumamosi.

"Kitu kimemupata," akasema.

"Mama —"

"Miaka kumi nguo hii haijaguswa na hata vumbi. Kwanza amenyamaza kugonga. Sasa hii. Nipe simu."

Akampigia Bonheur. Iliita, iliita. Jumamosi Bonheur yuko kibandani kwake, kelele za barabara, hasikii simu, nilimwambia hivyo. Akapiga mara sita. Kisha akampigia mama Xavérine, na nilisimama pale mlangoni nikimsikia akieleza, na Xavérine upande wa pili akisema "Yesu, Yesu." Wanafunga kuanzia leo. Wamama wote saba, hadi habari ije.

Ningeweza kuichora. Mvuke wa maharagwe umekosa njia ya juu. Umezunguka nyumba, umepanda ngazi, umepenya chini ya mlango. Umekuta chumba kilichopozwa na tundu lililozibwa soksi. Umegusa ukuta wa nje ukawa maji. Maji yakakuta sufu. Siku kumi na tatu zinatosha. Hakuna kilichompata mtu yeyote Kampala. Yote yako katika vidole vyangu viwili na kile kidude cha pembeni.

Sikusema. Nilichukua siki na kitambaa nikafuta ukuta. Mama hakunizuia. Alikaa palepale na koti mapajani mpaka dirisha likawa jeusi, ambayo siku hizi ni saa kumi.


Jumapili, 25 Januari

Bonheur amepokea, baada ya ibada. Simu yake ilikuwa imekufa chaji — fundi simu! Mama alilia kwanza ndipo akasalimia. Akamwuliza kama anakohoa, kama ana maadui, amelala wapi. Bonheur anacheka, nilimsikia kwenye spika. Mama akamweleza habari ya suti. Bonheur akauliza ni ya kipimo gani. Mama akataja. "Hiyo ingenipasukia mgongoni, Mama. Mimi siku hizi ni mzee wa tumbo."

Mama akacheka na kamasi. Lakini alipokata: "Anacheka ili mimi nisijue." Hajala. Siku ya pili, na ana presha.

Saa moja baadaye Bonheur akaniandikia mimi. "Hujamwambia?"

Anajua. Nilimwandikia siku ileile ya Oktoba, na akajibu: acha Noeli ipite. Noeli ikapita. Nikamwomba amwambie yeye. Akasema ni wewe uliyesoma barua. Nikasema ni wewe ambaye barua inakuhusu. Tukaacha hapo, ndugu wawili waoga kila mmoja na bara lake.

Leo ameongeza, na nimesoma mara nyingi: "Mdogo wangu, mimi nilishafika. Nina kibanda, nina mtu wangu, Dalia, nitawaambia. Ni Mama tu ambaye bado yuko njiani."


Jumatatu, 26 Januari

Nimekiri. Nusu.

Nilimkuta jikoni, ameegemea sinki, midomo mikavu. Nikasema: "Mama, mimi ndiye nilifunga elementi ya Bonheur. Tarehe kumi na moja. Ndiyo maana haikugonga. Ndiyo maana suti imeoza. Hakuna kilichompata."

Akauliza: "Kwa nini?"

"Hakuna mtu humo, Mama."

"Nani alikwambia hakuna mutu?" Hakupandisha sauti. "Miye nilimuzaa. Weye unapima joto, unapima maji, nani alikutuma kupima mutoto yangu?"

Barua ilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa kwenye kiti, kiti kilikuwa kati yetu. Mkono wangu ulikuwa juu yake kabisa.

Na ndipo alipoanza kupona. Niliona kwa macho: uso ukarudi. Kwa hiyo ilikuwa weye tu, akasema. Ilikuwa weye tu, shetani ndogo. Akachota uji, akakaa, akala, bakuli mbili, huku akinitukana polepole kati ya vijiko — eti kumbe nimelea mzima-moto, eti watu saba wamekufa njaa siku mbili kwa ajili ya kidole changu. Akampigia mama Xavérine awaambie wenzake wale chakula. Xavérine alicheka hadi simu ikakwaruza. Akasema mtoto wa shule akitaka kuokoa dunia anaanza na kuua mamake.

Kisha Mama akapanda juu na kuifungua elementi mpaka tano. Alikuwa akiimba.

Nimempa nusu ya kweli, na imemshibisha.


Jumanne, 27 Januari

Ko. Ko-ko.

"Karibu, baba. Karibu!" Kwa sauti, nyumba nzima isikie. Tiana akajifunika mto.

Kumeanguka theluji. Papa alikuwa na zamu ya mchana, nikamkuta nje anafagia njia, nikachukua sepetu ya pili. Mwishoni akasema, bila kunitazama:

"Ile barua ya Oktoba. Bado unayo?"

Sepetu yangu ikasimama.

"Nilikuona ukiisoma," akasema. "Barua ikiwa na habari njema unarudia mstari. Ile uliisoma mara moja, ukaikunja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema kitu, miezi mitatu yote. Akasema alingoja niseme mimi. Kisha akasema hapana, si kweli, hakutaka niseme. "Ni chumba kimoja, Aurore. Moto kidogo. Watu wanawasha taa bustanini kwa ajili ya sanamu ya sungura." Akaonyesha kwa jirani.

"Unataka tuendelee hivi mpaka lini?"

"Miye nilishaendelea," akasema.

Kwa hiyo Bonheur anajua, Papa anajua, mimi najua. Sote watatu tumesimama kumzunguka mwanamke mmoja tukimkinga upepo, na tunaita huo upendo. Mimi nina hasira hadi meno yanauma. Sijui ni kwa nani.


Jumatano, 28 Januari

Takwimu za wiki, tangu nilipotoa vitenge. Mstari umeanguka kama jiwe. Chini ya nusu ya Desemba. Waya wa akiba haujawaka hata dakika moja, ingawa nje ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, nyumba nzima iko ishirini na moja, na chumba cha Bonheur tangu Jumatatu kimerudi ishirini na tatu.

Nikatenganisha mchango wa chumba hicho. Nikarudia hesabu. Karibu si kitu. Unene wa kalamu kwenye grafu.

Alma alisimama nyuma ya kiti changu akasema huu ndio mfano bora aliowahi kuona, na je, Mama angekuja kusema maneno mawili.

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Miaka yote nilikuwa na hoja. Nilijiambia napigania dunia, busara, watoto wa watoto. Hoja imekwisha, iliyeyuka pamoja na vitenge viwili. Chumba kinaweza kubaki na joto mpaka nizeeke na hakitamdhuru mtu wala kitu, ila yeye anayekipasha.


Ijumaa, 30 Januari

Mama amerudi na mfuko mkubwa. Walikwenda na mama Xavérine mpaka Farsta, safari ya kuvuka mji mzima. Suti nyingine. Ya kijivu. Vipimo viwili juu, "maana sasa ana tumbo." Akaitundika kwenye mlango wa sebule ili sote tuione, akairekebisha mabega.

Papa akasema ni nzuri, akaenda kuangalia gari ambalo halikuwa na tatizo.

Tiana akaiangalia, akamwangalia Mama, akasema kwa Kiswidi: lakini anakuja lini? Si kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa.

Mama hazungumzi Kiswidi ndani ya nyumba hii. Cha kazini anakiacha kazini, pamoja na aproni. Leo akamjibu kwa Kiswidi. "Han kommer." Anakuja. Akaitamka vizuri, kila herufi, namna unavyomjibu karani wa ofisi.

Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili, akitabasamu kidogo: "Si ndiyo, Aurore? Si walisema tusubiri?"

Maneno yangu. Ameyatunza kuanzia Oktoba, bila hata doa.

Nilisema maharagwe yanaungua. Hatukuwa na maharagwe jikoni.


Jumamosi, 31 Januari

Saa nne asubuhi. Papa yuko kazini, Tiana yuko kwa rafiki. Jua limechomoza, chini, jeupe.

Alfajiri iligonga. Aliitikia.

Baada ya chai nilitoa barua. Karatasi mbili na nusu. Nilitaka kuitafsiri yote, kwa heshima, kila kifungu. Ila Kiswahili cha mahakama sina, na nilipoandika "hakuna sababu za kutosha kutoa kibali cha rufaa" ilikuwa kama kitenge kingine, kimekunjwa mara nne. Nikachana. Nikaandika kwa herufi kubwa, maana anasoma Biblia yake bila miwani na hataki kuambiwa avae:

"Mama. Wamekataa. Ni mara ya mwisho, hakuna pengine pa kuomba. Barua ilikuja tarehe 9 Oktoba, ukiwa na sinia. Niliyeificha ni mimi. Bonheur ni mzima na ana mtu, anaitwa Dalia. Mpigie, leo yuko macho, nimemwambia aweke simu karibu."

Nikaisoma mara moja. Nikaikunja.

Nimeiweka juu ya mto wake, mto wa Bonheur, barua ya Kiswidi chini, ya kwangu juu. Suti ya kijivu iko kabatini, mlango wa kabati uko wazi ili hewa ipite. Soksi ya dirishani hatimaye nimeitoa. Nimesimama pale nikashika elementi kwa viganja vyote viwili mpaka vikauma.

Sasa niko upande huu wa ukuta, chumbani kwangu. Ni Jumamosi, siku ya usafi. Maji yamefungwa kule chini. Mama anapanda. Ngazi ya saba ndiyo inayolia — imelia.

Elementi nimeiacha kwenye tano. Sikutaka asome kwenye baridi.

Ndoo imewekwa chini.